Eti "kanunue sabuni"! Huyu mheshimiwa atuambie hela za kampeni anatoa wapi

Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Jina silitaji, mnamjua wote. Yule yule wa msafara wa magari, mwenye spika zinazoamsha mpaka waliolala makaburini.

Tumeitwa ukumbini sisi wajumbe tunaopiga kura, eti kufahamiana. Kufahamiana gani huko, kuku wa kata nzima wameishia kwenye masufuria yake? Mlangoni amekaa kijana na daftari: unasaini, unapewa bahasha ya kaki na kitenge. Juu ya ukurasa wameandika "nauli". Mimi naishi nyuma ya ukumbi huo huo, nauli ya kwenda wapi?

Nikanyoosha mkono. Shikamoo nikampa, kwa adabu zote. Nikasema: mheshimiwa, Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inamtaka mgombea aseme ana fedha kiasi gani za kampeni na kazipata wapi. Hizi za leo zimetoka wapi? Jamani! Akacheka, akachomoa elfu mbili, akanirushia miguuni: "Shika, kanunue sabuni ufue hilo shati, halafu ndiyo uje uniulize hela zangu."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Watu ninaowachangia harusi, ninaowazikia ndugu zao! Shati nimelifua jana, kola imepauka tu kwa sababu ni la siku nyingi. Na mama mkwe wangu yuko safu ya pili, anasikia. SABUNI!

Takrima, yaani hizi zawadi za wagombea kwa wapiga kura, Mahakama Kuu iliishaitupa nje 2006, ikasema ni kinyume cha Katiba. Leo imerudi na kitenge begani. Ninachotaka ni kimoja: hesabu za kila mgombea, nani kamchangia na shilingi ngapi, zibandikwe ubaoni ofisi ya kata KABLA ya kura. Ripoti ya gharama inakwenda kwa Msajili wa Vyama uchaguzi ukishapita, mtu keshaapa, utamfanya nini tena? Lakini wakuu, sabuni? Mbele ya mkwe?

BabuKijiwe: Pole mkuu. Swali dogo: ile elfu mbili uliiokota?

Mwanzisha uzi: Sikuigusa. Na kitenge nimekiacha mezani.

BabuKijiwe: Basi aliyekuwa pembeni yako leo kala chipsi.

Dogo_Mbishi: Weka picha ya shati hapa tuamue wenyewe. Huenda jamaa alikuwa anatoa ushauri wa afya.

MamaWawili: Wajumbe mnanichosha. Mnakula kwa huyu, mnakunywa kwa yule, kura mnampa wa tatu. Leo katukanwa mmoja ndiyo mnaikumbuka sheria. Mimi nataka wakibandika hesabu za wagombea wabandike na majina ya wajumbe, nani kapokea bahasha ngapi.

Mwanzisha uzi: Bi mkubwa, naunga mkono, yabandikwe yote. Ila mimi nilisimama nikauliza, nikarushiwa noti kama mbwa anavyorushiwa mfupa!

Msafiri254: Ndugu zetu, nyinyi angalau sheria mnayo, hata kama ni kwenye karatasi tu. Yetu Kenya ya fedha za kampeni ilipitishwa 2013, ikasimamishwa kabla ya uchaguzi wa 2017. Mwaka 2021 tume yetu ya uchaguzi, IEBC, ikaweka viwango vya juu vya matumizi, mgombea urais asizidishe shilingi bilioni 4.4. Bunge likavikataa mwaka huo huo, na 2022 tukaenda debeni bila kikomo. Waliovikataa ndio hao hao waliokuwa wakitumia pesa. Hata sabuni hatukupewa.

Mbeba_Boksi: Niko Columbus, Ohio. Huku nako msidhani ni peponi. Aliyekuwa spika wa bunge la jimbo, Larry Householder, alijengewa himaya ya kisiasa kwa takriban dola milioni 60 kutoka kampuni ya umeme, FirstEnergy. Zilipitia mfuko ambao kisheria haulazimiki kutaja wachangiaji. Kisha ikapita sheria ya kuokoa mitambo ya nyuklia kwa zaidi ya dola bilioni 1, za kukatwa kwenye bili za wananchi. Alikamatwa 2020, akahukumiwa miaka 20 mwaka 2023. Yeye kahukumiwa, lakini watu bado wanapigania ule mwanya wa kuficha wachangiaji uzibwe.

Dogo_Mbishi: Milioni 60 za dola! Na wewe mwanzisha uzi unalia na elfu mbili.

Mwanzisha uzi: Silii na elfu mbili! Nalia na kudhalilishwa! Turudi kwenye mada.

Mpangaji_Sugu: Mmegusa bili za umeme mkanikumbusha. Mimi ni mpangaji, kila mwezi nikinunua umeme nakatwa kodi ya jengo. Jengo la nani? Mwenye nyumba nikimwambia anirudishie, anasema nihame.

MamaWawili: Wako anakwambia uhame tu? Wangu kaondoka na ufunguo wa mita.

BabuKijiwe: Mpangaji, fungua uzi wako, hili la kodi ya jengo nina mengi ya kusema. Mbeba_Boksi, njoo PM, viza za huko zinakwendaje siku hizi?