Oksaliplatini na ganzi ya vidole: ashike barafu wakati wa dripu?

Mwuliza swali
Wakuu, habari. Mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana yuko kwenye oksaliplatini (dawa ya saratani ya dripu), miligramu 85 kwa mita ya mraba kila wiki 2. Siku za mwanzo baada ya dripu, akigusa maji ya baridi vidole vinachonyota, akinywa baridi koo linabana. Kashauriwa ashike barafu dripu ikiendelea, kama wafanyavyo wagonjwa wa paklitakseli, dawa nyingine ya saratani. Ni sawa?

Muuguzi wa saratani
Asishike kabisa. Kwa paklitakseli, ubaridi hubana mishipa ya damu, dawa ikafika kidogo kwenye neva za vidole. Oksaliplatini yenyewe huvuruga njia za sodiamu (zinazopitisha ishara) kwenye neva, na baridi ndiyo inayoichokoza. Kwa siku 5 hivi kuanzia siku ya dripu, maji ya kunywa na kuoga yawe vuguvugu, avae glavu kabla ya kufungua friji, feni isimpulize usoni. Koo likibana anywe cha uvuguvugu taratibu, litaachia. Ila upele, midomo kuvimba au kupumua kwa mluzi ni mzio: dripu isimamishwe papo hapo.

Mfamasia
Naongezea, maana hapa ndipo watu hujisahau. Ganzi ya baridi huja na kuondoka. Ya kuogopa ni ile inayofika dripu inayofuata bado ipo. Hujilimbikiza, hasa jumla ya dawa ikikaribia miligramu 800 kwa mita ya mraba, yaani dripu ya 9 au 10. Kila kabla ya dripu ajaribu kufunga vifungo vya shati mwenyewe. Akishindwa, daktari aambiwe kabla dawa haijachanganywa: dozi itashushwa, au oksaliplatini iachwe na fluorourasili, dawa ya saratani inayotolewa pamoja nayo, iendelee. Wengine huficha wakihofia kukatishiwa tiba. Tafadhali asifiche, ganzi hii huweza kuzidi kwa miezi kadhaa hata dawa ikishasimama.

Mwuliza swali
Asante sana. Vitamini B je?

Mfamasia
Haijathibitika kuzuia, na B6 nyingi kwa muda mrefu huharibu neva zenyewe. Kama ana kisukari na anameza metformini, apimwe B12. Kwa maumivu kuna duloksetini, kwa cheti cha daktari: miligramu 30 kwa siku wiki ya kwanza, kisha 60. Kama anatumia tramadoli, dawa nyingine ya maumivu, daktari ajue kwanza. Duloksetini hupunguza maumivu zaidi kuliko ganzi, kwa hiyo avae viatu hata ndani, nyayo zikaguliwe kila jioni, na maji ya kuoga apimiwe joto na mtu mwingine.