Naombeni ushauri: mchezo wangu wa jukwaani umenigombanisha na ami

Kasha_la_Mvule
Wadau salamu. Mie naandika michezo ya jukwaani huku Unguja, kikundi chetu watu tisa tu, haitulishi lakini tunaipenda. Huu wa sasa ni wa ndugu watatu wanaokutana nyumba ya marehemu baba yao wagawane mirathi, tangu wadogo wameambiwa wao ni Waarabu wa Oman kutwa kucha, mara linafunguliwa kasha mna daftari la mzee wao wa zamani, Kiswahili kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, na humo lipo jina la mjakazi aliyezaa na bwana wa shamba, na mtoto hakuhesabiwa. Mchezo mzima ni hapo, daftari lisomwe au lichomwe. Sasa ami yangu kasikia, kaniita kanambia mjakazi nimtoe kabisa, ndugu wagombee nyumba tu yatosha. Nimtoe au nibaki naye? Onyesho si mbali.

TaaZaMbele
Mkuu ukimtoa mjakazi huo unabaki mchezo wa madalali. Mi shida naiona kwenye hilo daftari, watu wa viti vya nyuma hawaoni kitu, wanaona mtu kashika karatasi. Mpe mmoja alisome kwa sauti, na asisome ndugu, asome mjakazi mwenyewe akiwa pembeni ya jukwaa wao hawamuoni. Na liwe daftari zee kweli, lile la dukani mlilolipaka majani ya chai linajulikana hata kwa harufu.

Kasha_la_Mvule
Ahsante. Daftari tunalo zee kweli.

BiMkubwa_Bububu
Mwanangu, ami wa mtu hakasiriki kwa kitu cha kubuni. Ni kwenu huko?

Kasha_la_Mvule
Hadithi ni ya kubuni Bi Mkubwa, ila kila mwandishi anachota kwao kidogo.

BiMkubwa_Bububu
Kidogo kiasi gani?

Kasha_la_Mvule
Haya. Daftari ni letu. La babu yake babu yangu, alikuwa na mikarafuu Pemba upande wa Wete. Mwaka 1903 kaandika kwa mkono wake kwamba amezaliwa "mwanangu kwa Zafarani". Alipokufa wanawe wa ndoa wakasema Zafarani alikuwa mjakazi wa jikoni tu na mtoto ni wa mtumwa mwenzake. Daftari likatiwa chini ya kasha mpaka juzi alipofariki bibi. Majina mchezoni nimebadilisha yote isipokuwa Zafarani, hilo sikuweza.

Mtoa_Nasaha
Ndugu yangu hao ni maiti, maiti hana pa kujitetea. Stiri nawe ustiriwe. Huyo ami kakwambia kwa hekima na wewe umekuja kuwaanika huku kwa watu usiowajua, hata onyesho halijafika.

Karani_Mstaafu
Mtoa Nasaha ngoja kwanza, hapa aibu si ile mnayoidhani. Suria, yaani mjakazi anayelala na bwana wake kama mke, akizaa naye na bwana akamkiri mtoto, kwa sheria ya Kiislamu yule mtoto ni huru na anarithi sawasawa na wa mke. Majid na Barghash waliotawala Zanzibar mama zao walikuwa masuria, na hakuna aliyewaambia wakae jikoni. Kwa hiyo hao jamaa hawakuficha zinaa, wameficha mrithi. Hayo ni mambo mawili mbali kabisa na kama mchezo unasema la kwanza basi urekebishe.

Dogo_wa_Feri
Mirathi gani tena mzee 😂 baada ya mapinduzi ya 1964 mashamba yalichukuliwa na serikali watu wakagaiwa eka tatu tatu. Labda warithi lile kasha.

Kasha_la_Mvule
Dogo umecheka lakini ndivyo ilivyokuwa. Kipande cha shamba lile lile walipewa mjukuu wa Zafarani na mkewe, eka tatu. Kwetu mpaka leo wazee wanasema "wametunyang'anya". Na nyumba ya mjini ndiyo ipo, ndiyo inayotaka kuuzwa.

Kengeleni_Boy
Mimi niko Mombasa, sisi ni wa Frere Town, wazee wetu walishushwa kutoka majahazini na Waingereza miaka ya 1870 wakapewa mahali pa kukaa na wamishenari, kengele yao ipo hadi leo na ndio jina la mtaa, Kengeleni. Shule tulikuwa tunaulizwa nyinyi kabila gani, mwalimu anaandika kwenye fomu, nikienda nyumbani kuuliza babangu ananiambia andika chochote. Babu alisema Myao, nyanya akasema Mnyasa, shangazi mmoja akaamua sisi ni Wagiriama na akajifunza hadi kusuka makuti. Sijui nimeandikia nini hii, uzi umenikumbusha tu.

Dogo_wa_Feri
Na babu yangu mimi kabla ya mapinduzi alikuwa Mwarabu, wiki moja baadaye akawa Mshirazi, na uzeeni alipotaka kusafiri kwenda Maskati akarudi kuwa Mwarabu. Mtu mmoja, pua ile ile.

BiMkubwa_Bububu
Tumecheka. Mwenye uzi, hao watu wa Zafarani wako wapi sasa na wamejua?

Nyundo_ya_Haki
Wakuu mnaliwa kichwa. Hii ni chai, tena ya tangawizi. Utumwa Zanzibar ulipigwa marufuku 1897 kwa amri ya Sultani Hamoud, kila mtu anajua. Huyu anatuletea mjakazi anazaa na bwana 1903. Akaunti ina siku nne, "onyesho si mbali". Kesho ataweka bei ya tiketi hapa.

TaaZaMbele
Mh. Na mimi niliona kama kinaandikwa vizuri mno.

Karani_Mstaafu
Nyundo umesoma nusu. Amri ya 1897 haikumfungua mtu akiwa amelala, mtumwa alitakiwa aende mwenyewe akaombe uhuru wake. Na masuria waliachwa nje, walihesabiwa kama wake, mpaka ilipokuja amri nyingine 1909. Mwaka 1903 unaingia vizuri tu.

Nyundo_ya_Haki
Sawa, basi kabuni mtu aliyesoma historia.

Kasha_la_Mvule
Ningekuwa nabuni ningejibunia la kunipa sifa yakhe. Bi Mkubwa kaniuliza swali nikalipita, haya nalijibu. Tumekua nao uani kwetu, tukiwaita "watu wetu", na mie nikidhani ni mapenzi. Anayeigiza Zafarani kwenye mchezo ni kilembwe chake. Hajui. Nilimchagua kabla sijalifungua kasha, wallahi, na nilipojua mazoezi yalishafika wiki ya tatu.

BiMkubwa_Bububu
Lahaula. Kwa hiyo kila jioni unamvisha kaniki mtoto wa watu amuigize bibi yake, na wewe umekaa kiti cha mbele unamwambia lia zaidi.

Kasha_la_Mvule
Si hivyo. Ni mwigizaji bora tuliye naye, nikimwambia sasa atavunjika na onyesho litavunjika, matangazo yameshabandikwa. Nitamwambia usiku ule ule, likishafungwa pazia. Na jina lake likipigiwa makofi na mji mzima si heshima hiyo?

Mtoa_Nasaha
Ukitoka hapo nyumba itauzwa kabla au baada ya makofi?

Kengeleni_Boy
Uiii.

Kasha_la_Mvule
Nyumba si mie ninayeuza. Mie naandika tu.

TaaZaMbele
Subiri. Ulisema daftari mnalo zee kweli. Usiniambie ndio lile.

Kasha_la_Mvule
Ndilo. Ulivyoshauri wewe nimeshafanya kitambo, Zafarani ndiye analishika na kusoma. Ila maneno kayasoma kwenye skripti akayahifadhi, daftari ni la kushika.

BiMkubwa_Bububu
Kasoma chuoni huyo binti?

Dogo_wa_Feri
Chuo gani, cha uigizaji?

BiMkubwa_Bububu
Chuo cha Qur'ani wewe! Namuuliza mwenye uzi.

Kasha_la_Mvule
Kasoma. Tumesoma pamoja, alinipita, yeye alihitimu mie nikakimbilia mpira.

Karani_Mstaafu
Na kwenye daftari kuna majina ya baba na babu, bila shaka, na la shamba.

Kasha_la_Mvule
Yamo.

Nyundo_ya_Haki
Mi bado nasema chai, lakini endelea.

Kasha_la_Mvule
Jana baada ya mazoezi alinirudishia. Kasema ukurasa wa kati umelegea, niushone usije ukapotea.