China ya wafalme: mtoto wa mkulima angeweza kweli kuwa ofisa?

Swali
Wakuu, naambiwa China ya zamani uofisa ulipatikana kwa mtihani, hata mtoto wa mkulima angeweza kuwa mkuu wa wilaya. Kweli, au tunapigwa kamba? Na waliofeli waliishia wapi?

Jibu la 1
Kweli, ila kwa mbinde. Nazungumzia enzi za Ming na Qing, koo mbili za mwisho za wafalme wa China. Mitihani yenyewe ilianza enzi ya Sui, ukoo wa kifalme wa kale zaidi, na ikafutwa 1905. Wanawake hawakuruhusiwa, wala watoto wa waigizaji, watumwa na wengine waliohesabiwa watu duni. Wengine ruksa. Sasa kijana anayekariri vitabu vya Konfusio, mwanafalsafa wa kale wa China, toka utotoni, wenzake wako shambani, nani anamlisha? Mara nyingi ni ukoo: una mashamba ya pamoja, kodi yake inasomesha wenye vichwa. Kama ukoo wako hauna kitu, pole yako.

Na ukifaulu ngazi ya kwanza, unaitwa xiucai, kazi hupati! Unapata heshima: unasamehewa kazi za lazima za serikali, na mkuu wa wilaya hawezi kukucharaza viboko mpaka kwanza uvuliwe shahada. Uofisa hasa ulikuwa wa jinshi, yaani waliofaulu ngazi ya juu kabisa, mji mkuu Beijing.

Jibu la 2
Usisahau mtihani wa jimbo, ngazi ya katikati ya hizo mbili, kila miaka 3. Mjini Nanjing kulikuwa na vijumba vya mtihani zaidi ya 20,000, mtu mmoja kila kijumba, na mbao mbili. Mchana moja ni kiti, nyingine meza. Usiku unazipanga pamoja unalala. Majina yalifunikwa, kisha makarani wakanakili kila karatasi kwa wino mwekundu, msahihishaji asitambue mwandiko wa mtu. Pamoja na ulinzi wote huo, watu waliingia na nguo za ndani zilizojaa maandishi madogo kama sisimizi!

Muuliza swali
Duh! Na waliofeli je?

Jibu la 1
Ndio wengi. Wengine walifundisha watoto vijijini, wengine waliandikia watu mashtaka kwa malipo, wengine walirudi kujaribu hadi mvi. Na si wote waliokuwa hawana madhara. Kuna mmoja, Hong Xiuquan, alifeli mtihani mjini Guangzhou, kusini, mara kadhaa, akaugua, akaona maono, baadaye akajitangaza mdogo wake Yesu. Vita vyake vya uasi dhidi ya serikali, viitwavyo Taiping, 1850 hadi 1864, viliua mamilioni, na Nanjing ya vijumba vile akaifanya makao makuu yake. Huko akaanzisha mitihani yake mwenyewe.

Muuliza swali
Hapo kwenye mitihani yake nimecheka peke yangu.