Naomba ushauri: nataka kumpeleka mke wangu loji ya kando ya mto Ruaha, nyumbani wanasema nijengee kaburi la baba kwanza

Mkulima wa Uyole

Habari zenu wakuu. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjajibu, maana jambo hili limenikaa kichwani siku nyingi.

Mimi na mke wangu tunaishi Uyole, Mbeya. Tunalima viazi, na yeye ana genge la mboga hapo barabarani. Baba yangu mzazi alipigwa na kiharusi akawa mtu wa kitandani, tukamuuguza kwetu mpaka Mungu alipomchukua mwaka jana. Mimi nilikuwa nashinda shambani na sokoni. Aliyekuwa akimgeuza ubavu, akimwogesha, akimlisha uji kijiko kwa kijiko na kufua mashuka alfajiri kwenye baridi hii mnayoijua, ni mke wangu. Baba hakumzaa yeye. Dada zangu walikuwa wanakuja na matunda, wanakaa saa mbili, wanaondoka.

Msimu huu viazi vimelipa. Nimetenga milioni moja na nusu, nataka tukalale mahali pazuri kweli, wawili tu, watoto wabaki kwa mama mkubwa wao. Nimeona picha za loji ndogo za upande wa Ruaha, zile zenye vyumba vichache, kitanda kinatazama mto na nje kuna kibaraza cha mbao. Nilipoziona nikasema hapa ndipo anapostahili kupumzika yule mama.

Sasa tatizo. Kaka zangu na shangazi wamesikia nina hela, wanasema kaburi la baba bado ni udongo mtupu, nawezaje kwenda kustarehe hotelini. Na mimi sijui hata hizo loji zinaendaje: mwezi gani mzuri, zipi za watu kama sisi, na kama nimfanyie mke wangu ghafla au nimwambie. Nisaidieni, sitaki kukosea kwa mtu huyu.

Mzee wa Makambako

Pole kwa msiba, mwanangu. Mimi nitasema nionavyo. Kaburi la mzazi ni heshima ya ukoo. Mvua zikianza litatitia, na watu wa kijijini hawatamwuliza shangazi yako, watakuuliza wewe. Jengea kwanza, mke utampeleka mwakani.

Mama wa Mafinga

Baba hapo juu shikamoo, ila naomba nipingane nawe kwa heshima zote.

Mdogo wangu wa Uyole, kaburi la baba yenu ni la watoto wote. Kaa na kaka zako, mwite fundi mmoja aangalie, awape hesabu ya saruji, matofali, mchanga na marumaru kama mnazitaka, kisha mgawane kila mtu fungu lake. Wewe toa lako mbele ya macho yao, tena liwe la kwanza. Ukishatoa, zinazobaki ni za nyumba yako na hakuna wa kukuhoji. Mbona kitanda cha mzee kilipokuwa kwako hawakugawana zamu za kumgeuza?

Nimeuguza mama mkwe, najua ninachosema. Mgonjwa akishazikwa watu wanasema "sasa umepumzika", lakini mwili haupumziki. Mimi kwa muda mrefu nilikuwa naamka saa tisa usiku, nasimama mlangoni kwa chumba kisicho na mtu. Mkeo anaweza kuwa hivyo na hakwambii. Mtoe pale nyumbani. Asilale karibu na kile chumba hata kwa siku chache.

Na tafadhali usimfanyie ghafla. Mwanamke aliyezoea kupanga kila kitu ukimbeba tu hivi, safari nzima atakuwa anawaza nani amefunga kuku na nani anauza genge. Mwambie mapema, mpe hela ashone hata gauni moja, asuke nywele, aage watu vizuri. Kuisubiri safari nako ni raha, usimnyime.

Binti wa Gangilonga

Kamwene! Karibuni Iringa. Nashukuru Mama wa Mafinga ameshamaliza la kaburi, mimi niende kwenye mto.

Kwanza ujue kuna Ruaha mbili. Ruaha Mdogo ndiyo inayopita hapa kwetu chini ya mji, pale Ipogolo. Ukifuata barabara ya Morogoro, nje kidogo ya mji, kuna sehemu za kulala kandokando yake: miti mikubwa, majani mabichi, maji yanaimba usiku kucha. Ni kwa bei ya kibinadamu na hakuna kiingilio cha hifadhi. Ruaha Mkuu ndiyo iliyo hifadhini, zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini, na huko ndiko kwenye hizo loji ulizoziona pichani. Ruaha River Lodge, kwa mfano, vyumba vyake vimejengwa ukingoni kabisa mwa mto, kwenye miamba. Zipo na kambi nyingine ndogo za mahema ya kifahari zenye vyumba vichache mno, hizo bei yake imepangwa kwa kuwafikiria wageni wa nje.

Kwa hela yako mimi ningegawa. Mkifika tu msikimbilie hifadhini, mtakuwa mmechoka na basi. Laleni kwanza Ruaha Mdogo, mpumzike. Ndipo mwende hifadhini mlale kwenye hiyo loji nzuri. Ukitaka kulala kando ya Ruaha Mkuu bila kumaliza akiba, TANAPA wenyewe, shirika la hifadhi za taifa, wana nyumba za wageni pale Msembe ndani ya hifadhi. Hazina madoido, ila mto ni uleule na wanyama ni walewale.

Unapopiga simu uliza bei ya Mtanzania. Usisubiri wakutajie wao, maana bei ya kwanza utakayoisikia inaweza kuwa ya dola. Beba kitambulisho cha NIDA, wewe na yeye. Uliza kama chakula chote kimo ndani ya bei au ni kifungua kinywa tu, kwa sababu huko porini hakuna mama lishe wa kumkimbilia. Na uliza kiingilio cha hifadhi kama kimo. Mara nyingi hakimo, kinahesabiwa kwa saa 24, na getini hawapokei fedha mkononi. Unalipa kwa kadi au kwa kumbukumbu namba, sasa andaa kabla mtandao haujakutupa.

Mpunga wa Igurusi

Mkuu, nikuongezee kuhusu maji, maana picha zinadanganya. Ule mto unaanzia huku kwetu. Mito inayoshuka kutoka milima ya Uporoto na Kipengere, kina Chimala, Kimani na Mbarali, inamwaga bonde la Usangu, inapita kinamasi cha Ihefu, ndiyo inakuwa Ruaha Mkuu ya hifadhini. Tangu 1993 mto ule umekuwa ukikauka kiangazi kikikolea. Mashamba ya umwagiliaji na mifugo huku juu vimechangia sana, nasema hivyo nikiwa mmoja wa wakulima wenyewe.

Kwa hiyo ukienda Septemba au Oktoba unaweza kufungua pazia ukakuta mchanga mtupu na vidimbwi. Wanyama utawaona wengi kupita kiasi, tembo wanachimba mchanga kwa miguu na mkonga kutafuta maji. Lakini kama unachotaka ni mama alale akisikia maji, nenda Juni au Julai mwanzoni. Mvua zimeshakwisha, majani yameanza kukauka, wanyama wanaonekana na mto bado unatembea. Piga simu lojini uulize: "Leo mto una maji?" Watakwambia ukweli.

Mkulima wa Uyole

Asanteni sana, sikutegemea majibu ya namna hii. Mama wa Mafinga, nimesoma hilo la saa tisa usiku nikakaa kimya. Mke wangu huamka hivyohivyo. Nilidhani anakwenda msalani.

Nina swali linalonitia aibu kidogo lakini naliuliza. Yeye hajazoea maeneo ya kizungu. Akikuta meza ina uma tatu na wageni wanaongea Kiingereza, si atajisikia mnyonge? Nataka apumzike, sitaki akae amejikunja.

Mhudumu Mstaafu

Kaka, hapo umenigusa, nimefanya kazi kwenye kambi za hifadhini mpaka nywele zimeanza mvi. Hakuna aibu yoyote katika swali lako.

Wahudumu karibu wote ni vijana wa hukuhuku, Wahehe, Wabena, Wanyakyusa. Mkifika mtasalimiwa Kiswahili, na nakuhakikishia Watanzania wanapofika kulala kama wageni, jikoni watu wanafurahi. Mpishi anatamani kuulizwa. Mwambieni mchana: "Kesho tungependa ugali na samaki, mboga za majani zisiive sana." Mtapikiwa. Mkitaka chakula mletewe kibarazani kwenu badala ya kukaa meza moja na wageni wengine, semeni tu. Kwa watu wawili waliochoka ndivyo ningewashauri, angalau usiku wa kwanza.

Nakumbuka mama mmoja aliyeletwa na mumewe kutoka Njombe. Asubuhi ya kwanza kijana wa vyumba anakwenda kutandika, anakuta kitanda kimetandikwa kama cha bweni, taulo zimefuliwa zimeanikwa kwenye kamba ya hema, na mama ameshafagia kibaraza kwa tawi la mti. Kijana akamwambia, "Mama, ukinifanyia kazi yangu yote mimi nitakaa wapi?" Mama akaketi. Siku ya pili tulimkuta amelala kwenye kiti cha kamba saa nne asubuhi, viatu chini, mdomo wazi. Mumewe alituashiria tusigonge vikombe. Kwa hiyo mkeo asipojua kupumzika siku ya kwanza usifadhaike. Ndiyo maana nasema usiku mmoja hautoshi, hata kama ni kwa kulala pa bei ndogo zaidi.

La usalama. Usiku viboko wanatoka majini kula majani, wanapita katikati ya vyumba kabisa. Hamtoki bila askari wa kambi. Mnampigia tochi au filimbi, anawachukua, anawarudisha. Kiboko akiguna karibu na ukuta mtamsikia kama yumo chumbani. Mwambie mkeo mapema ili asishtuke. Mtoni hakuogwi, mamba wapo. Msembe ni bondeni, kuna joto na mbu kuliko Uyole, hivyo mwende kwa daktari mkaulize dawa ya kinga ya malaria. Mkitembea na gari porini mtakutana na mbung'o, wanapenda nguo nyeusi na za buluu, vaeni rangi ya udongo.

Mzee wa Makambako

Nimesoma wote. Mama wa Mafinga, marahaba, na nimekuelewa. Kama fungu la kaburi litatoka kwanza, sina neno. Mwanangu, nenda na baraka zangu. Ila watangulie kaka zako kusikia kutoka kinywani mwako, wasisikie kwa majirani.

Dereva wa Nyanda za Juu

Usafiri hamjamwambia. Mkuu, basi la Mbeya kwenda Dar litawashusha Iringa barabara kuu, mnachukua bajaji. Kama una gari dogo, IST yako, iache Iringa. Njia ya kwenda hifadhini ina sehemu za vumbi na matuta ya kutikisa meno, na ndani ya hifadhi gari la chini litakwama kwenye makorongo. Kodi gari la juu lenye dereva anayeijua Ruaha, mpatane na mafuta kabisa. Baadhi ya loji zina magari yao ya kuzungushia wageni, uliza kabla hujakodi, usije ukalipa mara mbili.

Njiani simameni Kalenga, kwenye makumbusho ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Fuvu lake lilirudishwa kutoka Ujerumani 1954, lipo pale. Na mkifika daraja la Ibuguziwa kwenye lango la hifadhi, mwambie dereva asimamishe taratibu. Viboko na mamba mtawaona hapohapo kabla hata hamjafika chumbani.

Simu huko zinakatikakatika. Waachie watoto namba ya loji.

Mkulima wa Uyole

Wakuu, jana jioni nimewapigia kaka zangu wote wawili. Mmoja alinuna, mwingine akasema fundi aje Jumamosi. Fungu langu nimeshalitenga, limekula laki nne. Kwa hiyo loji ya kifahari itakuwa usiku mmoja, na siku nyingine tutalala Ruaha Mdogo kama alivyosema Binti wa Gangilonga. Tunaondoka wiki ya mwisho ya Juni.

Mke wangu nimemwambia. Kwanza aliuliza ni shilingi ngapi, nikamwambia hilo halimhusu. Akanyamaza, akaendelea kumenya viazi. Baadaye sana, tunafunga mlango, akaniuliza kama huko mtoni kuna baridi, abebe kitenge kizito au chepesi.

Mhudumu Mstaafu, nimjibuje?

Mhudumu Mstaafu

Abebe vyote viwili. Asubuhi mkitoka na gari la wazi ni baridi, saa tano jua linawaka. Na kitenge kizito ataketia kibarazani jioni. Kila la heri kaka, msalimie sana shemeji.