Cheni za mpira kwenye Polaris Ranger, tope la Junda: nifunge au niache?

Bint_Junda

Assalam aleikum wakubwa kwa wadogo. Mimi nasimamia mabwawa ya mwatiko na kaa huku Junda, Mombasa, upande wa Mkondo wa Tudor. Bosi ameagiza Polaris Ranger ya mtumba, kile kigari cha mizigo cha kupita porini, na kwenye kontena hiyohiyo zimekuja cheni nne za mpira, zile unazotoa tairi ukafunga mkanda wa pembetatu mfano wa katapila. Aliyemuuzia kamwambia ukifunga hizi hukwami popote duniani.

Kazi ya gari ni kubeba magunia ya chakula cha samaki, pampu ya dizeli, na kreti siku ya kuvua. Kutoka lami hadi kwetu kuna barabara ya mawe ya matumbawe, halafu mchanga, halafu ule uwanda mweupe wa chumvi. Jua likiwaka uwanda huo ni mgumu, hata baiskeli inapita. Mvua ikinyesha au maji ya bamvua yakipanda, unageuka tope la kukuvua gambuti. Masika yaliyopita Ranger ilizama hapo hadi tumboni, vijana wote wa mabwawa wakaacha kazi kuja kuvuta, na maji huku nyuma yanajaa.

Nauliza: zitafaa kweli? Fundi wa kawaida anaweza kuzifunga? Na zikishafungwa, ziachwe humohumo mwaka mzima? Ubavuni mwa mpira pameandikwa Camoplast. Karatasi ya maelekezo haikuja.

Fundi_Shimanzi

Waaleikum salaam binti. Huyo wa "popote duniani" alikuwa anauza, muache.

Cheni hizi hutumika sana kwenye theluji, na kubwa zinalofanya ni kutandaza uzito. Tairi hugusa ardhi sehemu ndogo tu. Cheni hulaza mpira mrefu na mpana chini ya kila kona ya gari, kwa hivyo kila inchi ya tope inabeba uzito mdogo zaidi. Kwa uwanda wako wa chumvi ukiwa umelowa, zitakufaa sana. Kwa barabara ya matumbawe na lami, hapana, na hapo sibishani na mtu. Nimeendesha ekskaveta ndogo za cheni za mpira miaka mingi kwenye viwanja vya ujenzi hapa kisiwani. Tope haliumizi mpira. Kinachouua ni kukata kona papo kwa papo juu ya mawe makali. Jiwe la matumbawe linachana vipande vya kashata, yaani yale meno ya nje ya mpira, mpaka ndani ukaona nyuzi, na nyuzi zikishaona maji ya chumvi hiyo cheni imekwisha.

Kabla hujamlipa fundi yeyote, chukua futikamba upime nafasi ya boliti. Ranger ina boliti nne kila gurudumu, na kutoka katikati ya boliti moja hadi katikati ya ile inayotazamana nayo ni milimita 156. Can-Am, magari ya aina hiyo ya kampuni nyingine, ni 137. Ziko nyingine za 110. Sasa lala chini ya ile cheni, tazama sproketi, lile gurudumu la meno linalouzungusha mpira, pale inapokaa kwenye habu, yaani kile chuma cha katikati kinachofungiwa gurudumu, upime vilevile. Namba zisipolingana usiendelee.

Pia fungua magunia na maboksi yote yaliyokuja, utafute vyuma vya kuzuia cheni isipinduke. Fikiria hivi: gurudumu linazunguka lote, lakini cheni fremu yake inatakiwa itulie, mpira pekee ndio uzunguke. Sasa nini kinaizuia fremu isibinuke pamoja na shafti? Ni mkono mmoja tu, unaotoka kwenye fremu kwenda kwenye mkono wa chini wa saspensheni. Vishikio vya mkono huo ni vya modeli kwa modeli, havikopwi kwa jirani. Watu hununua cheni za mtumba bila hivyo vyuma, wakabaki na mapambo ya uani.

Kuhusu Camoplast: kampuni ilibadili jina ikawa Camso mwaka 2015, kisha Michelin ikainunua 2018. Kwa hivyo mpira wako si wa juzi. Uukunje kwa mikono upande wa ndani, kwenye mashina ya yale meno ya kuongoza. Nyufa nyembamba za jua juujuu si neno. Ukiona uzi, usifunge.

Mtoto_wa_Majengo

Nimezaliwa Majengo lakini sasa niko Winnipeg, Kanada, na huku cheni hizi ni za kawaida. Ziwa likiganda wavuvi wanatoboa barafu na kuvua, na wengi wanaenda na magari kama hiyo Ranger yakiwa na cheni. Watu wanafunga baridi ikianza, wanafungua theluji ikiyeyuka.

Ninachotaka kuongeza kwa Fundi ni joto. Theluji inalainisha na kupoza. Zipo aina ambazo chini ya fremu zina reli za plastiki na mpira unateleza juu yake. Kwenye theluji ni sawa, ila ukizipitisha kwenye ardhi kavu kwa kasi reli zinapata moto, zinalika, na harufu utaisikia. Mchanga ni mbaya zaidi, unakwenda kama msasa. Dada, angalia chini: ukiona magurudumu madogo pekee afadhali, ukiona reli jua kwamba gari hilo litakuwa la mwendo wa pole siku zote.

Halafu spidomita itakudanganya. Sproketi ni ndogo kuliko tairi, kwa hivyo shafti ikizunguka mara moja gari linasogea kidogo. Itaandika 40 nawe huko chini hujafika. Faida yake ni nguvu ya kuvuta. Hasara ni mafuta, na belti. Ranger haina klachi ya mguu, nguvu inapita kwenye belti, na cheni ni nzito. Kwenye tope weka gia ya L (ya nguvu) na 4x4 tangu mwanzo, usisubiri ukwame. Mtu anayekanyaga mafuta kwenye H (gia ya mbio) huku gari halisogei anachoma belti yake mwenyewe.

Mvuvi_Kisauni

Mimi si mtu wa magari, niko BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo. Ninaomba jambo moja lisisahaulike. Bosi akishaona gari linapita topeni, kesho atataka kulipeleka ufuoni kuwapandisha wageni. Ufuo wa Nyali, Bamburi na Shanzu kasa wanapanda kutaga, na mayai yanakaa chini ya mchanga takriban miezi miwili. Gari likipita juu, mchanga unashikana, vitoto havichomoki. Na upande wenu huko, mikoko ni msitu wa serikali tangu 1932, si pori la kujikatia njia. Mchu unapumua kwa vile vijiti vinavyochomoza topeni. Cheni ikipita hapo kila siku, vijiti vinavunjika vyote na mti unakufa umesimama. Piteni njia moja, kwenye ule uwanda usio na miti, basi.

Fundi_Shimanzi

Mvuvi kasema kweli. Na ukikwama usiende kufunga winchi kwenye mkoko, hautashika na utaung'oa.

Bint_Junda

Shukran wote. Mvuvi, bosi ameshaanza kuzungumzia wageni kweli, nimemsomea ujumbe wako kanyamaza.

Nimepima. Ranger ni 156 kama alivyosema Fundi. Sproketi zote nne ni 137. Chini kuna magurudumu madogo tu, reli sioni. Mikono ya kuzuia ipo minne, vishikio vyake viko viwili tu. Mpira wa cheni tatu uko sawa, wa nne una mkato upande wa nje ila uzi hauonekani.

Fundi wa huku mtaani anasema 137 na 156 si shida, atatoboa matundu mapya katikati ya yale ya zamani, kazi ya asubuhi moja. Bosi amefurahi. Mimi roho inasita.

Fundi_Shimanzi

Roho yako iko sawa binti, isikilize.

Matundu yanaweza kuingia, sikatai. Akiyazungusha yakae katikati ya mengine nafasi ipo. Taabu ni kwamba sproketi lazima ikae katikati ya habu sawasawa. Akitoboa kwa drili ya mkono, akipotoka milimita moja, basi kila mzunguko cheni inakazwa upande huu na kulegea upande ule. Ikikazwa inakula beringi, ikilegea inaruka meno. Na itaruka wapi? Katikati ya tope, maji yanapanda, kreti zimejaa samaki. Bamvua hapa kwetu maji hupanda karibu mita 4, hayamngoji fundi.

Adapta, yaani chuma cha kuunganisha katikati, ya kuchonga kwenye leithi (mashine ya kuchongea chuma) ni afadhali kuliko kutoboa, lakini inasukuma cheni nje. Kadiri inavyokaa nje ndivyo beringi za magurudumu na tairodi (vyuma vya stelingi) zinavyoteseka, na stelingi inakuwa nzito zaidi ya ilivyokuwa tayari. Kama Ranger yenu haina pawa stelingi, dereva atalia. Njia ya maana ni kuagiza habu za sproketi za 156 pamoja na vishikio vya Ranger vya mwaka wa gari lenu. Bei ikiwa kubwa, tafuta mwenye Can-Am mbadilishane au mumuuzie. Hizo cheni ziliwahi kuwa za Can-Am, nina hakika kiasi hicho.

Vyuma vikifika, kufunga si uchawi. Gari lisimame kwenye saruji iliyo sawa, linyanyuliwe na kuwekwa juu ya stendi, si jeki peke yake. Cheni moja haibebwi na mtu mmoja, waite vijana. Za mbele na za nyuma si sawa, za kulia na kushoto si sawa. Angalia mshale kwenye mpira kabla hujapandisha. Safisha uso wa habu kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, kwa sababu kutu au rangi ikibaki katikati, nati zitalegea baadaye hata ukikaza vipi. Kaza kwa msalaba, kwa spana ya toki (ile inayopima nguvu ya kukaza), tembeza gari kidogo, urudi ukaze tena. Hapo pa kurudi ndipo mafundi wengi wanapopaacha.

Kisha mambo mawili ambayo ndiyo kazi yenyewe. La kwanza ni pua ya cheni. Gari likiwa chini na mzigo wake wa kawaida, rekebisha ule mkono hadi pua ya mbele ya kila cheni iwe imenyanyuka kidogo. Ikiinama, inachimba: gari litapiga mbizi topeni badala ya kupanda juu yake, na stelingi itagoma. Ukiizidisha kuinua, kisigino ndicho kinachimba. Hapa usikubali fundi apime kwa macho akiwa amesimama. Achuchumae, apime kutoka chini hadi mpira, kulia na kushoto zilingane. Ukimaliza, zungusha stelingi mwisho hadi mwisho polepole, mtu akichungulia: cheni isiguse bodi, mkono wa saspensheni, wala mpaipu wa breki.

La pili, mkazo. Nyanyua tena, zungusha cheni kwa mkono. Yale meno ya ndani yapite katikati ya magurudumu bila kusugua. Ukitembea siku ya kwanza ukakuta unga mweusi wa mpira upande mmoja tu, mpangilio umepotoka, usiendelee kutumia.

Sasa swali lako la kuziacha mwaka mzima. Usiziache. Kiangazi, kaskazi inavuma na uwanda umekauka, rudisha tairi na upunguze upepo ukiingia mchangani. Kutoka paundi 14 ushuke hata 8, ujaze tena kabla ya mawe. Utapita bila cheni. Masika ndiyo ufunge, na ukishafunga gari lilale hukohuko ng'ambo ya mawe, lisiende lami. Mzigo uletwe na tuktuk au pikapu hadi mwisho wa mawe, Ranger iupokee hapo.

Na chumvi. Haya maji ya mkondo yanakula beringi kuliko kitu chochote. Kila jioni mwagia maji, lakini yawe ya mfereji au ya mvua mliyokinga kwenye tangi. Visima vingi vya pande hizo ni chumvi vilevile, utakuwa unaosha chumvi kwa chumvi. Toa tope lote lililoganda ndani ya fremu kwa kijiti. Likikauka usiku, asubuhi ni tofali na magurudumu madogo hayazunguki, yanaburutwa. Penye vichuchu vya kupigia grisi, piga grisi hadi maji yatoke. Beringi zilizofungwa sikilizia kwa kuzungusha: ikikwaruza, badilisha, beringi hizo zina namba ubavuni na maduka ya Mwembe Tayari wanazijua.

Mtoto_wa_Majengo

Hiyo cheni yenye mkato, afadhali iwe ni ya nyuma, si ya mbele. Mbele ndiyo inayokata kona.

Bint_Junda

Nimemwonyesha bosi yote. Kutoboa kumekufa. Anauliza kwanza bei ya habu na vishikio, na huku anamtafuta mtu wa Can-Am. Ranger ina pawa stelingi, nimehakikisha. Kwa uvuvi wa wiki hii kreti zitatoka kwa mkokoteni hadi mwisho wa tope, gari lisubiri kwenye mchanga.

Fundi, vishikio viwili nilivyo navyo vina namba zimegongwa kwenye chuma lakini kutu imefunika nusu. Nikisugua nitazituma hapa. Unaweza kujua ni vya mbele au vya nyuma?

Fundi_Shimanzi

Tuma. Piga picha na matundu yake yaonekane, weka futikamba pembeni. Na usisugue kwa grainda, utafuta namba. Loweka kwenye siki usiku kucha.