Wajukuu wa Bi Asha 🌴 (Misali Jumapili)

[19:02] Zuhura: Asalaam aleikum nyote. Jumapili tunaondoka Wesha saa 1 asubuhi, boti nimeshaisemea. Watoto 7. Aliyelipa mpaka sasa ni Maryam peke yake. Na kuna jambo kubwa kuliko pesa, kuogelea kwa watoto. Naomba mjibu leo.

[19:40] Khamis: Waleikum salaam. Pweza yumo kwenye mchango? 😂

[19:41] Zuhura: Khamis, soma kwanza. Safari ile nilichungulia kutoka kwenye boti, mchanga nauona uko hapa tu, nikasema haya ni maji ya kiuno. Nilivyoshuka yakanifika kifuani. Na mkononi nimembeba Nasra.

[19:43] Khamis: Dada umefupika tu

[19:58] Maryam: 😂😂

[20:05] Mwl. Rashid: Zuhura asema kweli. Mwanga ukitoka majini kuingia hewani unapinda, kwa sababu mwendo wake unabadilika: majini kama km 225,000 kwa sekunde, hewani karibu 300,000. Jicho halijui kama umepinda. Linaona kama umekuja moja kwa moja, basi mchanga unaonekana umepanda. Ukichungulia ukiwa juu yake kabisa unaona robo tatu tu ya kina. Panapoonekana mita 1.2 ni mita 1.6. Zaid wangu ana mita 1.3.

[20:06] Mwl. Rashid: Na ukitazama kwa upande, umekaa kwenye boti au umesimama pwani, panaonekana pafupi zaidi ya hapo.

[20:09] Shangazi Mgeni: Mie nayajua ya upondo wa kusukumia dau. Ukiuchovya waona umevunjika pale pale usoni mwa maji, ukiutoa mzima.

[20:10] Zuhura: Ndiyo hayo hayo shangazi. Basi nataka upondo uende, tupime kabla mtoto hajatia mguu. Upondo uko kwa nani?

[20:31] Zuhura: ???

[20:33] Khamis: Wa marehemu babu Omar? Si ulikwenda na dau kwa Ami Salim

[20:36] Ami Salim: Haukwenda. Niliachiwa. Haya tulishayamaliza siku ya arubaini.

[20:37] Khamis: Alimaliza nani? Na injini je?

[20:38] Ami Salim: Ujumbe huu umefutwa

[20:39] Zuhura: Jamani si leo. Ami, nakuomba upondo tu. Ya injini tutakaa kitako siku nyingine.

[20:52] Maryam: Tumejaribu hapa na Nasra. Nimeweka sarafu ya 200 kwenye bakuli la bati, nikamrudisha nyuma mpaka ukingo ukaificha. Nikamwambia asisogee. Nikamimina maji polepole kwa kikombe, mara akapiga kelele "mama imepanda!" Na sarafu haijaondoka ilipokuwa. Video hiyo.

[20:54] Khamis: Hiyo 200 iandikeni mchango wangu 😂😂

[21:15] Babu Faki: Nimesomewa yote. Nilipokuwa na mkuki sikumlenga samaki pale nilipomwona, nalilenga chini yake. Anayemlenga anapomwona hurudi na kapu tupu. Kassim naye alisema ni maji ya kiuno. Mtoto asishuke kabla ya upondo.

[21:16] Shangazi Mgeni: Sawa ami.

[21:17] Mwl. Rashid: Tumesikia babu.

[21:49] Khamis: Nimelipa. Tazama simu Zuhura.

[21:55] Zuhura: Nimeona, ahsante sana. Waliolipa sasa wawili. Laifu jaketi ninazo 4, watoto 7, bado 3. Na miwani ya kuzamia isitumike kukisia kina. Ukiivaa ukatazama chini ya maji, vitu vinaonekana viko karibu na vimekuwa vikubwa. Kipimo ni upondo. Ami Salim?

[22:10] Zuhura: Ami?

[22:40] Ami Salim: Upondo upo. Mtu aje auchukue nyumbani, na asiwe Khamis.

[22:41] Zuhura: Haya, nani anakwenda? Rashid?

[06:12] Time: Ndiyo naziona sasa. Mie nilijua ni Jumamosi. Nina laifu jaketi moja lakini ya mtu mzima.