Naomba ushauri: kulinganisha sigaa za Cuba na Nicaragua kwenye unyevu wa Tanga

Habari zenu wakuu. Niko Raskazone, Tanga. Shemeji yangu baharia kaniletea sigaa kumi (cigar, zile nene za majani ya tumbaku): tano za Cuba, Montecristo No. 4, na tano za Nicaragua, Padrón. Nataka kuzilinganisha kwa haki, ila matokeo yananichanganya.

Nimeonja moja ya kila aina, jioni mbili tofauti, nikiwa nimeshiba na kusukutua kwa maji matupu. Ya Cuba ilianza vizuri mno, kama kahawa inayokaangwa jikoni, na harufu ya mbao kwa mbali. Ilipofika katikati ikavutika kwa shida, ikazimika mara mbili, mwishoni ikawa chungu. Ya Nicaragua ilivutika sawasawa mpaka mwisho, pilipili manga kidogo kooni, jivu likasimama karibu inchi nzima.

Sitaki kuisingizia Cuba. Nadhani kosa ni unyevu: wanashauri asilimia 65 hadi 70, na hewa yetu ya bahari inazidi hapo. Nikizibonyeza, za Cuba ni laini kama mkate wa kumimina. Na jana moja nimeikuta na tundu dogo kama la sindano, na unga chini yake. Roho imeniuma kweli. Ni mdudu wa tumbaku?

Nizigandishe zote kwenye friza siku tatu, kisha friji siku moja? Kopo la plastiki lenye vipakiti vya kudhibiti unyevu linatosha, au lazima sanduku la mwerezi? Na zitulie wiki ngapi kabla sijaonja tena?